Barua kwa mwanangu: programu ya ada na redio ya mkata mkonge

Mama,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Unauliza: ile programu ya ada za shule uliyorithi kwa kijana aliyeacha kazi, inayokuamsha usiku kila mwisho wa mwezi, uiandike upya yote, au uendelee kuitia viraka kama bosi wako anavyotaka? Mama yako yuko nyuma ya kiti changu, anasema, "Mjibu moja, na usimwanzishie habari za redio."

Banda langu la kutengenezea redio la Ngamiani unalijua, ndiko ulikoungua kidole. Ila mwaka 1984 ulikuwa hujazaliwa. Mpaka wa Kenya, uliofungwa tangu 1977, ulikuwa umefunguliwa mwishoni mwa 1983, na sisi mafundi wa Tanga tulikuwa kama wafungaji waliosikia adhana ya magharibi: vipuri vya Mombasa vinapita Horohoro!

Akaja mkata mkonge mmoja kutoka upande wa Muheza, Muha wa Kasulu, redio kaifunga kwenye kanga ya mkewe. Imenyamaza. Nikafungua mfuniko, nikaona transista za AF117 zimejipanga. Kila fundi wa enzi zile alizijua: kopo dogo la chuma lenye miguu minne, linalokufa hata likikaa kabatini. (Siku hizi nasoma kwamba ndani ya kopo huota vinywele vya bati vinavyogusa pasipotakiwa. Sisi tulisema tu zimezeeka.) Sikupima kitu. Nikamwambia, "Transista hizo. Niachie, naagiza Mombasa."

Siku 9. Kipuri kikaja, nikalehemu, kimya. Ndipo nikafanya la siku ya kwanza: nikagusa kwa ncha ya bisibisi mguu wa kati wa volyumu. Spika ikanguruma. Maana yake kuanzia pale hadi kwenye spika hakuna tatizo, ugonjwa uko nusu ya mbele, kabla ya volyumu. Nikaigawa hiyo nusu, nikagawa tena, mpaka nikafika mguu wa koili moja: lehemu imepasuka, ufa wa duara, mwembamba kama unywele. Tone moja tu. Haikuchukua hata nusu saa.

Idi iliyopita ulinionyesha ile Git yenu, inayotunza kila badiliko la programu, inavyomsaka mdudu, yaani kosa: mabadiliko 1,000, unakata katikati, unauliza nusu ipi nzima, unakata tena, na kwa majaribio kama 10 umemshika. Nilicheka, ukadhani sijaelewa.

Mwenye redio alikuja siku ya 10. Sasa, bara hatukuwa na televisheni, na simu zilikuwa za wenye ofisi. Radio Tanzania ilisoma matangazo ya vifo, na manamba aliyetoka Kigoma alikaa karibu na redio saa hiyo kama mtu anayengoja kuitwa jina. Mama yake alitangazwa wiki ileile redio ikiwa mezani kwangu, tumbo wazi. Aliambiwa na mpita njia aliyedhani anajua tayari.

Hakunilaumu. Aliuliza, "Nadaiwa ngapi?" Nikamtajia, na bei ya transista ndani yake. Akahesabu. Nikapokea.

Najiambia hata angesikia asingewahi maziko, kutoka Muheza mpaka Kasulu asingewahi. Lakini angelia siku moja na nduguze. Na ile hela ya transista nilikuwa na uwezo wa kutoitaja.

Kwa hiyo nasema, na nyumba nzima imechoka kunisikia: sikiliza kwanza, bisibisi baadaye.

Ila na mimi nisijifanye. Ile redio ya mvuvi wa Tongoni unaikumbuka? Chumvi ilikuwa imekula njia za shaba mpaka zikawa kijani. Niliiunga waya hapa, waya pale, miaka miwili, kwa sababu niliapa sitabadilisha tena kitu bila kusikiliza. Nilisikiliza mpaka masikio yakachoka. Ilikuwa ya kutupwa tangu mwezi wa kwanza, na mvuvi alijua kabla yangu. Kwa hiyo viraka navyo si ucha Mungu.

Yako ni ya Kasulu au ya Tongoni? Umeshakaa kando ya mhasibu wa ile shule tarehe 30, ukatazama vidole vyake wakati inakwama? Kama hujakaa, basi hayo ya kuandika upya... aa, sisemi. Ningependa kusema, ulimi unawasha, ila anayelala na simu chini ya mto ni wewe.

Lile swali la pili ulilolitupia mwishoni, la redio ya mbao uliyoichukua stoo na ambayo unaifufua Jumamosi badala ya kulala: humo zimo AF117 mbili. Usizing'oe. Ukishagusa volyumu ukajua ugonjwa uko mbele, kata mguu mmoja tu, ule uliounganishwa na kopo lenyewe, moja baada ya nyingine, uwashe. Mara nyingi huzinduka. Ikisema, nipigie uiweke simu karibu na spika.

Mama yako anauliza kama umejibiwa.

Baba