BMW X1 yenye mlio mwembamba: ninunue au niiache?

Swali: Kaka fundi, habari za kazi. Nipo Urambo, nafanya biashara ya asali na mpunga, na kila wiki nakuja Tabora mjini. Kuna mtumishi kahamishwa na anauza BMW X1 sDrive20i ya mwaka 2012 iliyotoka Japani. Dashibodi inasoma kilomita 96,000. Fundi wa huku kaikagua akasema haina shida, ila ukikanyaga mafuta inatoa mlio mwembamba kama filimbi. Muuzaji anasema hiyo ni turbo tu. Gari hizi husumbua wapi, na nijiandae na shilingi ngapi? Au nitafute ile ya 18i?

Jibu: Dada yangu, tuanze na huo mlio, maana ndio unaoamua bei ya gari hilo.

X1 ya 20i ya mwaka huo ina injini ya N20, silinda nne, cc 1,997, yenye turbo. Ina nguvu na hainywi mafuta sana. Ila ina kasoro moja kubwa inayojulikana duniani kote: vile vibao vya plastiki vinavyoongoza cheni ya taimingi (inayounganisha krenki ya chini na camshaft za juu zinazofungua valvu) hukauka kwa joto na oili chakavu, kisha huvunjika. Vipande huangukia kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la pampu ya oili. Cheni nayo inabaki haina wa kuishika. Ikiruka meno, valvu zinagongana na pistoni, na oili isipopanda injini inanoki. Ukifika hapo unatafuta injini nyingine. Kule Marekani wenye magari haya walikwenda mahakamani kwa sababu ya kasoro hiyohiyo. Kiwanda kilibadilisha vibao hivyo mwanzoni mwa 2015, kwa hiyo la 2012 limo ndani kabisa ya kundi lenye tatizo, isipokuwa kama mtu ameshabadilisha na ana risiti.

Kuna na cheni ya pili, ndogo, inayozungusha pampu ya oili. Ikichakaa, yenyewe ndiyo hutoa mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mzunguko wa injini. Turbo husikika zaidi gari likiwa na mzigo, unapopandisha kilima au unapolipita lori. Basi fanya hivi: gari lisimame, gia iwe P, mtu akanyage mafuta taratibu mpaka mshale wa mzunguko wa injini ufike 2 au 3, wewe uwe mbele boneti ikiwa wazi. Mlio ukipanda hapohapo gari limesimama, usikubali maneno ya turbo. Kisha mwombe fundi afungue chujio la oili. Lile la karatasi lipo juu ya injini, halihitaji gari kuinuliwa. Alikate, afungue mikunjo yote juani, atazame kama kuna punje za plastiki ya kahawia. Zikionekana, jibu unalo. Zisipoonekana bado hujawa salama, kwa sababu vipande vikubwa hubaki chini kwenye sampu.

Sasa gharama. Nakupa makadirio yangu ya kutengea fedha, si bei ya duka fulani. Kazi ya cheni zote mbili na vibao vyake, boliti mpya, gasketi, oili na ufundi, weka kati ya milioni 2.5 na 4. Vipuri vyenyewe si ghali hivyo. Kinachokula fedha ni kazi. Sampu haitoki mpaka injini ining'inizwe kwa juu na mhimili wa mbele ushushwe, na camshaft na krenki lazima zifungwe kwa vifaa maalumu vya injini hiyo. Boliti kubwa ya krenki hutumika mara moja tu. Fundi akikuambia atairudisha ya zamani, au atapiga alama kwa rangi tu bila kufunga kwa vifaa, mwondolee gari lako. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu injini inaweza kufa kwa matengenezo mabaya. Na usinunue vibao vilivyotumika hata kama vimetoka Japani. Vina umri uleule wa vyako.

Kinachofuata kwa uzito ni pampu ya maji. Kwenye N20 ni ya umeme, haizungushwi na mkanda, kwa hiyo hufa bila kelele wala kuvuja. Dashibodi ya X1 hii haina mshale wa joto. Unaona taa na ujumbe tu, na ukiuona simama hapohapo, hata kama ni katikati ya pori kati ya Urambo na Tabora. Usiseme nitafika. Pampu, themostati na kulanti, tenga milioni 1 hadi 1.5. Wakimaliza kufunga, hewa hutolewa kwa utaratibu wake: swichi iwashwe bila kuwasha injini, hita iwekwe mwisho wa joto, feni chini kabisa, kisha pedeli ya mafuta ikanyagwe kwa sekunde kama 10. Pampu itanguruma yenyewe kwa dakika zipatazo 12. Asiyejua hilo ataacha hewa ndani na gari litachemsha tena kesho yake. Ile tabia ya kutoa themostati na kujaza maji ya bomba ikome kabisa kwenye gari hili.

Kuvuja oili kwenye gasketi ya nyumba ya chujio na kwenye kifuniko cha valvu ni jambo la kawaida kwa umri huo. Laki 3 hadi 6 zinatosha, ila usiache oili idondokee mkanda. Giaboksi ya gia nane, iliyotengenezwa na kampuni ya ZF, ni imara. Watu huambiwa oili yake haibadilishwi maisha yote, lakini ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Chujio limejengwa ndani ya sampu ya plastiki, hivyo unanunua sampu nzima. Betri mpya lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari. Halafu angalia buti: X1 haina tairi la akiba. Kwa njia zako, beba tairi na pampu ya upepo.

Oili ya injini badilisha kila kilomita 7,000 au 8,000, yenye kibali cha BMW Longlife-01, lita 5. Usifuate kompyuta, inachelewa mno. Na petroli ya kwenye chupa usiiguse. Pampu ya shinikizo kubwa na nozeli za injini hii hazivumilii maji wala uchafu.

Vipuri vingi vitatoka Dar, Kariakoo au Gerezani, vije kwa basi. Mpe muuzaji wa vipuri herufi na tarakimu saba za mwisho za namba ya chesisi, maana X1 mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana.

Kuhusu 18i: injini yake ni N46, haina turbo na ni nzito kidogo kuondoka, lakini ni ndugu wa ile ya BMW 320i ya umbo la E90 iliyojaa nchini, hivyo vipuri na mafundi si shida. Yenyewe hula oili mipira ya valvu ikichoka. Iache iungurume bila kukanyagwa mafuta dakika kumi, kisha mtu akanyage ghafla wewe ukiwa nyuma: moshi wa bluu ukitoka, ni mipira hiyo. Kwa mtu anayeishi Urambo na kulitegemea gari kwa biashara, mimi ningechukua 18i isiyotoa moshi. Ukiipenda sana hiyo 20i, kata milioni 4 kwenye bei anayotaka, na fedha hizo ziende kwenye cheni kabla hujalipandisha barabarani. Akikataa kushusha, mwachie.