Si uvivu, dada yangu

Umesema umejiandikisha mtihani wa uhasibu wa CPA mara mbili, ukasoma vizuri miezi ya mwanzo, kisha wiki za mwisho ukajitwika kazi za wenzako ofisini mpaka muda ukaisha. Unauliza kama ni uvivu. Sidhani. Mvivu habebi kazi za watu.

Mwaka 1978 wanasaikolojia wa Marekani, Steven Berglas na Edward Jones, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maswali. Wengine walipewa yasiyo na jibu, lakini wakaambiwa wamefanya vizuri sana. Kabla ya jaribio la pili waliruhusiwa kuchagua dawa: moja ya kuchangamsha akili, nyingine ya kuidumaza. Waliosifiwa bila kujua wamepatiaje, hasa wanaume, walielekea kuchagua ile ya kudumaza. Waliogopa kuumbuka safari ya pili, na dawa ingebeba lawama.

Naona kazi za ofisini ndiyo dawa yako. Ukifeli, utasema hukupata muda, na hakuna atakayehoji akili yako. Nawe, ambaye ukoo mzima unakuita mhasibu tangu kidato cha nne, una jina kubwa la kulinda. Huo mzigo ni mzito, nakuelewa.

Chukua karatasi ya mtihani wa miaka iliyopita, ujipime wiki hii kabla hujajiandaa, kisha mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini alama zako, hata zikiwa mbaya. Na likizo ya zile wiki za mwisho iombe sasa, kwa maandishi, kabla hawajakuletea mafaili.