Chipsi mayai ya Ijumaa na mbio za Jumamosi

Dada, umeuliza kama ukila chipsi mayai Ijumaa usiku, mbio za Jumamosi asubuhi zitaifuta. Kwa sehemu kubwa hapana, na ni vizuri ulijue mapema usije ukajitesa bure.

Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya sukari au wanga 4. Chipsi zimeshazama kwenye mafuta, kisha zinarudishwa kikaangoni na mayai na mafuta mengine tena. Ongeza soda ya mililita 350, yenye sukari gramu 35 hivi, yaani kalori kama 140. Kutembea haraka nusu saa kunachoma takriban hizo za soda tu. Sahani yenyewe bado hujaigusa.

Mimi nilihangaika hivyo miezi: nakula, nakimbia kama adhabu, narudi na njaa, nakula tena. Nikajaribu kuacha chipsi kabisa. Wiki ya tatu nikazila siku tatu mfululizo. Sasa nakula mara moja kwa wiki, nusu sahani, kachumbari nyingi, maji badala ya soda. Nakaa, nakula polepole, na nafurahia kwelikweli.

Mazoezi fanya kwa ajili ya moyo, usingizi na misuli. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki, na kushuka daladala kituo kimoja kabla ya kwako kunahesabika.

Halafu niambie, chai ya asubuhi unaweka vijiko vingapi vya sukari? Ningeanzia hapo kabla ya kugusa chipsi.