Kujijua Si Kujiamini: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi za safari hii zinahusu Advaita, ile falsafa ya Kihindu isemayo kwamba hakuna mbili: nafsi ya ndani kabisa, Atman, na uhalisi wote, Brahman, ni kitu kimoja, na kulijua hilo ndiyo moksha, yaani kufunguliwa. Zinazouliza tena maana ya karma nimeziweka kando.

Shikamoo mwalimu. Nililipa laki moja na nusu kwa kozi ya kujitambua ya siku tatu mtandaoni. Siku ya mwisho tulifumba macho tukarudia "mimi ni Brahman" mara mia. Nililia sana, nikajisikia mwepesi. Je, hii ndiyo moksha? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Hapana, siyo. Sikubezi, machozi yako yalikuwa ya kweli na wepesi ulikuwa wa kweli. Lakini ulikuja ukaondoka, na kinachokuja na kuondoka sicho kinachosemwa na Upanishadi, maandiko ya kale ya Kihindu ambayo Advaita inayafafanua.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Kiswahili cha siku hizi kimeifanya "kujitambua" iwe kujiheshimu na kuwa na malengo. "Yule kijana anajitambua," tunasema, tukimaanisha ana akiba na hapotezi muda vijiweni. Ni jambo jema kabisa. Ila huyo anayejitambua hivyo ndiye hasa anayehojiwa na Shankara, mwalimu mkuu wa Advaita wa karne ya 8, ambaye mapokeo yanasema alizaliwa Kaladi, Kerala. Maelezo yake ya Brahmasutra, kitabu kinachofupisha mafundisho ya Upanishadi, yanafungua kwa kosa moja tu: tunamchanganya anayejua na kinachojulikana. Mwili umenenepa, nasema "nimenenepa." Jicho limefifia, nasema "mimi kipofu." Moyo una huzuni, nasema "nina huzuni." Kozi yako ilimchukua yule yule aliyenenepa na kuhuzunika, ikampa cheo cha Mungu. Cheo kimeongezeka, kosa liko pale pale.

Shankara anapenda mfano wa watu kumi. Wanavuka mto uliofurika. Wakifika ng'ambo mmoja anawahesabu wenzake: tisa. Anahesabu mwingine: tisa. Wanakaa ukingoni wanamlilia mwenzao aliyezama. Anapita mtu, anawatazama, anamgeukia aliyehesabu na kumwambia: wewe ndiye wa kumi. Tazama vizuri hapo. Wa kumi hakuopolewa mtoni. Hakupatikana kwa kurudia "mimi ni wa kumi" mara mia. Alikuwepo tangu mwanzo, yeye ndiye aliyekuwa akihesabu. Ilitosha sentensi moja kutoka kwa mtu anayeona, ikaingia kwenye sikio lililo tayari.

Na huo utayari ndio wanaouficha wauzaji wa kozi. Advaita inadai vinne kabla ya somo: kupambanua cha kudumu na cha kupita, kutovutwa tena na malipo ya hapa wala ya peponi, moyo na hisi zilizotulia, na kiu ya kuwa huru. Kisha unasikia mafundisho, unayapima kwa akili mpaka shaka iishe, unakaa nayo. Shvetaketu, kijana wa Chandogya Upanishadi, alikwenda kusoma akiwa na miaka 12, akarudi na miaka 24, Veda zote, yaani maandiko matakatifu, kichwani na kiburi juu yake, na bado baba yake Uddalaka alilazimika kumwambia "Hilo ndilo wewe" mara tisa. Wewe umepewa siku tatu. Wakikuita hatua ya pili kwa ada mpya, usilipe.

Brahma, Brahman na Brahmin ni kitu kimoja? (Wasomaji watatu)

Nimelijibu hili kila msimu, tafadhalini likateni mlihifadhi. Brahma ni mungu muumbaji. Brahmin ni mtu wa tabaka la makuhani. Brahman ni uhalisi wenyewe, si mume wala mke wala mtu, ndiyo maana naandika "ipo" na siandiki "yupo."

Kama Brahman ipo kila mahali, mbona hatuioni? (Mwanafunzi wa sekondari, Tanga)

Mwanangu, fanya kama alivyofanya Uddalaka na mwanawe. Mimi nimefanya na binti yangu. Usiku tulitia chumvi ya mawe kwenye bilauri ya maji tukaiacha mezani. Asubuhi nikamwambia, nitolee ile chumvi. Akaingiza vidole, akakoroga, akainua bilauri dirishani kwenye mwanga. Hakuna. Nikamwambia onja ya juu. Chumvi. Mimina kidogo, onja ya katikati. Chumvi. Onja ya chini. Akakunja uso kabla sijamuuliza. Jicho lilikosa, na kidole kilikosa, lakini hakuna tone ambalo halikuwa nayo.

Uddalaka anakwenda mbali kidogo kuliko chumvi. Chumvi mtu huionja kama kitu kingine. Brahman huwezi kuionja hivyo, kwa kuwa ndiyo inayoonja. Kaa na neno hilo kabla hujafungua kitabu kingine.

Dunia ikiwa ni maya, mwonekano tu kama nyoka anayeonekana kwenye kamba, deni langu nalo ni maya. Kwa nini nilipe?

Lipa.

Umesimulia kamba na nyoka lakini hukuusikia mfano. Jioni, mwanga hafifu, unaona nyoka mlangoni. Moyo unaruka, jasho linakutoka. Taa ikiwashwa ni kamba ya mbuzi. Nyoka yule hakuwa wa kweli, lakini hakuwa hewa tupu pia, maana alisimama juu ya kamba. Ndivyo Shankara anavyoiweka dunia. Waliosema vitu vya nje havipo kabisa aliwapinga waziwazi: ukuta na nguzo tunaviona, alisema, na kuamka si sawa na kuota. Dunia hii inashika nafasi yake mpaka siku Brahman itakapojulikana. Njaa yako, mdai wako na deni lako viko daraja moja. Huwezi kulifuta deni peke yake ukaendelea kula.

Nasema kwa ukali kwa sababu nimewaona waliojificha hapa. Mtu anadhulumu, kisha anasema "Nafsi si mtendaji." Aliyejua kweli kwamba si mtendaji hana tena tamaa inayomsukuma kudhulumu. Mkimwona mwalimu anayeitumia kauli hiyo kujitetea mbele ya mwanafunzi aliyemuumiza, ondokeni siku hiyo hiyo.

Nikitoa sadaka na kuhiji Kashi, mji mtakatifu wa Wahindu, sitafunguliwa?

Utatakasika moyo, na hilo si dogo. Lakini kinachotengenezwa kwa tendo kina mwanzo, na chenye mwanzo kina mwisho. Mundaka Upanishadi inaziita kafara vyombo vibovu vya kuvukia. Giza halifagiliwi kwa ufagio hata ukifagia usiku kucha. Linaondoka kwa taa. Fagia hata hivyo, mgeni anakuja.

Majirani zangu Mombasa ni Wahindu, wanakwenda hekaluni kila siku, lakini nikiwauliza Advaita wanashangaa. Kwa nini?

Kwa sababu Uhindu si Advaita peke yake, na nakusihi usiende kumsomesha mtu dini yake. Wagujarati wengi wa pwani yetu ni watu wa kumpenda na kumwabudu Mungu. Swaminarayan (1781–1830), mwasisi wa madhehebu ya Kihindu ambaye wafuasi wake ni wengi Afrika Mashariki, alielekea zaidi kwa Ramanuja, mwanafalsafa aliyekuja baada ya Shankara, na Ramanuja alimpinga Shankara kwa hoja nzito: kutojua huku mnakokusema kunakaa kwa nani? Kama ni kwa Brahman, basi Brahman haijui. Kama ni kwa mtu, huyo mtu mnasema ametokana na kutojua kwenyewe. Mimi nasimama na Shankara, lakini asiyewahi kukosa usingizi kwa swali hilo bado hajaisoma Advaita.

"Anayeijua nafsi yake amemjua Mola wake." Si ndiyo Advaita hiyo? (Msomaji, Zanzibar)

Siyo. Kwanza, wanazuoni wa hadithi, akiwemo Nawawi, walisema haikuthibiti kuwa ni kauli ya Mtume. Pili, humo mja anabaki mja na Mola anabaki Mola. Kufanana kwa sentensi mbili si kufanana kwa nyumba mbili.

Aliyefunguliwa huumwa?

Huumwa. Ramana Maharshi, aliyewafundisha watu kuuliza "mimi ni nani?" pale chini ya mlima Arunachala, alipata uvimbe wa saratani mkononi, akapasuliwa zaidi ya mara moja, akafariki tarehe 14 Aprili 1950. Mwili una mwendo wake, kama mshale uliokwisha kuachiwa upinde. Wafuasi walipomlilia asiondoke, inasimuliwa alijibu: niende wapi? Nipo hapa.

Nianzie wapi, mimi sina mwalimu karibu? (Dada wa Mwanza)

Mwalimu utamhitaji, dada yangu. Yule wa kumi alihitaji mpita njia. Wakati unamtafuta, soma Katha Upanishadi. Ni fupi, sehemu mbili zenye mafungu matatu kila moja. Kijana Nachiketa amekaa usiku tatu bila chakula nyumbani kwa Yama, mfalme wa mauti, na kwa fidia amepewa kuomba mambo matatu. La tatu anauliza: mtu akifa, yupo au hayupo? Yama anamsihi aombe kingine, anamwekea mbele ng'ombe, tembo, dhahabu, wajukuu, umri wowote atakao. Soma polepole pale kijana anapovikataa kimoja kimoja, kisha niandikie wewe ungekwama kwenye kipi.