Jibu: Mwanga wa jua unafikaje Neptuni bila kuchoka?

Mwalimu wa Mikindani, nimekuelewa: wanafunzi wamekubana, kama jua liko mbali hivyo, mwanga hauchoki njiani? Hauchoki. Huko juu ni patupu, hakuna cha kuuzuia. Unachofanya ni kutawanyika.

Mie wanangu niliwaonyesha kwa tochi, usiku, ukutani. Simama hatua moja: duara dogo, kali. Rudi nyuma ziwe hatua mbili: duara limekuwa kubwa mara 4, mwanga ni ule ule, basi kila kipande kinapata robo. Sayari ya Neptuni iko mbali na jua mara 30 kuliko sisi. 30 mara 30 ni 900, kwa hiyo inapata sehemu 1 tu kati ya 900. Wengi hudhani huko ni kiza totoro. Wapi! Adhuhuri yake ni kama sebuleni taa imewaka, inazidi mbalamwezi yetu mara mia kadhaa.

Safari yenyewe: kwetu dakika 8 na kidogo, sayari ya Mshtarii (Jupita) 43, Neptuni saa 4 na ushei. Halafu mwanga unadunda kurudi, ndipo tunaiona, kama ngalawa inayomulikwa na karabai ya jirani.

Mshtarii waonyeshe kwa macho, ufukweni, mbali na taa. Neptuni bila darubini usihangaike. Ila mtoto asielekeze darubini kwenye jua hata kwa utani. Jicho huungua bila kuuma. Akilalamika doa jeusi katikati, achana na dawa za dukani, mpeleke kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.