Maswali Yenu: Ini limeshajaa kolesteroli, mbona bado linaitoa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma baiolojia, tumefundishwa kwamba sungura akilishwa kolesteroli wiki kadhaa damu yake inajaa, halafu tukaambiwa ini likishaona imezidi linaacha kutengeneza. Sasa kama limeacha, hizo chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu zinatoka wapi? Ni za utumbo tu?

JIBU: Marahaba, umeuliza swali zuri sana. Hapo kuna kazi mbili watu wanazichanganya: kutengeneza kolesteroli ni kazi moja, kuifungasha na kuipeleka kwenye damu ni nyingine kabisa. Ya kwanza inashuka kweli, ya pili haisimami.

Ndani ya seli ya ini kila chembe inaanza na protini moja ndefu, apolipoprotini B-100, yenye asidi amino 4536, na ikiwa bado inatengenezwa inapakiwa mafuta palepale, yakikosekana inavunjwa humohumo hata haitoki. Kwa mnyama wa kawaida mzigo wa katikati unakuwa zaidi trigliseridi, yani mafuta ya kawaida, na chembe ya namna hiyo ndo inaitwa VLDL. Ila kolesteroli ikijaa, seli haiwezi kuiacha hivihivi manake inaharibu utando wake, kwa hiyo inaiunganisha na asidi ya mafuta iwe esta, na esta hizo zinaingia kwenye mzigo uleule wa kwenda nje. Yani chembe inatoka, ila kilichomo kimebadilika.

Utauliza tunajuaje si utumbo. Watafiti walitoa ini zima la mnyama, wakalifanya liendelee kuishi kwa kusukuma maji ya uvuguvugu yenye seli nyekundu na oksijeni kupitia mshipa wake mkubwa, kisha wakakusanya kinachotoka upande wa pili. Hapo utumbo haupo, kila chembe mpya ni ya ini! Kwa panya, sungura na tumbili waliolishwa kolesteroli, zilitoka chembe zenye esta nyingi, na kwa tumbili ini lililotoa esta nyingi zaidi lilikuwa la yule ambaye chembe zake za LDL, zile zinazobeba kolesteroli nyingi kwenye damu, zilikuwa na ukubwa zaidi. Mimi jaribio hili nalipenda kuliko yote. Utumbo nao unachangia, sikatai.

Halafu ini hilohilo linapunguza vipokezi, yani protini za juu ya seli zinazozikamata chembe na kuzirudisha ndani, kwa hiyo zinabaki zikizunguka tu. Sungura wa Watanabe, walioitwa kwa jina la mtafiti wa Japani, wana kasoro ya vipokezi tangu kuzaliwa, hata bila kulishwa kolesteroli damu yao inajaa.

Panya uwe naye makini: anageuza kolesteroli kuwa asidi za nyongo haraka sana, ndo maana chakula cha kolesteroli peke yake hakimpandishi sana, na ini lake linatoa pia apolipoprotini B-48, ile fupi kuliko B-100, ambayo kwetu binadamu ni ya utumbo tu.