Picha za Watu Jangwani Chalbi: Maswali Yenu na Majibu

Safari ninazoongoza huanzia mjini Marsabit, kaskazini mwa Kenya, hupita Maikona, Kalacha na North Horr katika Jangwa la Chalbi, na kuishia Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Wanyama pori si shabaha yetu. Tunakwenda kupiga picha za watu: Wagabbra, Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo, nyumbani kwao na kwa ridhaa yao. Maswali yaliyonifikia nimeyafupisha. Majibu mengine yamekuwa marefu, kwa sababu jambo lenyewe linataka hivyo.

Kwa nini hamchukui zaidi ya watu sita? Mkiwa kumi na wawili si kila mtu angelipa kidogo? — Msomaji, Nakuru

Angelipa kidogo, ni kweli. Lakini boma la wafugaji wa Chalbi linaweza kuwa na nyumba nane au kumi tu, na mchana vijana wameondoka na ngamia. Wakishuka wageni kumi na wawili wenye kamera shingoni, mama aliyekuwa akisuka mkeka wake anajikuta amezungukwa. Hapo hata akisema "ndiyo", hiyo ni "ndiyo" ya mtu aliyebanwa. Sita hugawanyika wawili wawili, kila jozi na mkalimani wake, na boma linabaki na utulivu wake.

Halafu kuna magari. Chalbi lilikuwa ziwa zamani, na mvua zikinyesha sana maji hurudi. Hata yakikauka, chini ya ganda la chumvi huwa kuna tope linalomeza gurudumu hadi ekseli. Hatuendi na gari moja kamwe. Huwa mawili, ili moja likizama lingine livute. Aprili na Novemba, miezi ya mvua, sipendi kupeleka watu kabisa. Usalama nao tunauliza kwa machifu na polisi wa Marsabit kabla ya kuondoka, si kwa uvumi wa mitandaoni. Mei 2022 serikali iliweka kafyu katika kaunti hiyo kwa sababu ya mauaji na wizi wa mifugo. Nyakati kama hizo safari inaahirishwa, na mteja anayelalamika anarudishiwa fedha zake.

Kaka, nimesikia huko huwezi kuinua kamera bila kuombwa pesa. Je, kulipa si kuwaharibu watu? — Dada wa Arusha

Dada yangu, mimi nalipa, na sioni haya kusema hivyo. Mama anayekaa mbele ya kamera yako saa nzima ameacha safari ya kisimani, ameacha mbuzi, ameacha jiko. Studio ya Arusha ikikupiga picha unailipa. Hapa mpiga picha ndiye anayepata faida, kwa hiyo yeye ndiye wa kulipa. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, uliua mifugo mingi mno katika nchi hii. Anayekuja na lenzi ya bei ya ngamia kadhaa akaanza kuhubiri kwamba fedha zinaharibu utamaduni, mimi namwomba anyamaze kwanza.

Kinachoharibu ni namna ya kulipa. Ukilipa kwa kila mbonyezo, unapanga watu foleni: kila mmoja anakuja na shanga zote za ukoo, anasimama wima kama askari, anahesabu milio ya kamera. Watoto wanaacha shule kungoja magari. Ndiyo maana tunafanya hivi: siku moja kabla, mwongozaji wetu mzaliwa wa hapo anakwenda kuketi na wazee. Anaeleza sisi ni nani, tutakaa muda gani, na picha zitakwenda wapi. Ada ya boma inakubaliwa hapo, hadharani. Sehemu yake tunaikabidhi kikundi cha akina mama moja kwa moja, maana fedha iliyopita mikononi mwa wazee peke yao si lazima iwafikie. Kisha kila aliyeketi kupigwa picha anapata kiasi kilekile, picha iwe imefaulu au imeharibika, awe bikizee mwenye uso uliojaa simulizi au kijana ambaye picha yake hukuipenda kwenye kioo cha kamera.

Ada ya boma hainunui uso wa mtu. Mzee akishapokea, bado kila mmoja anaulizwa peke yake, kwa lugha yake, na mwanamke huulizwa na mkalimani mwanamke. Na swali haliwi "naomba picha?" tu. Tunatoa simu tukamwonyesha picha ya mtu mwingine ikiwa kwenye kitabu, kwenye tovuti, kwenye tangazo la hoteli, kisha tunauliza: yako ifike wapi? Nimewaona wengi wakikubali kitabu na kukataa tangazo. Wana haki hiyo. Namba ya simu ya kiongozi wa msafara inabaki bomani, ili anayebadili mawazo baadaye aweze kusema.

Shikamoo mwalimu. Nyuso za watu weusi kwenye picha zangu za jangwani zinatoka giza totoro, macho hayaonekani. Nakosea wapi? — Kijana, Mombasa

Marahaba, mdogo wangu. Kamera inakudanganya, na ina sababu. Kipimo chake cha mwanga kinataka kila kitu kiwe na wastani wa kijivu. Ukimsimamisha mtu mbele ya chumvi nyeupe ya Chalbi saa nne asubuhi, kamera inaona weupe mwingi, inaogopa, inapunguza mwanga. Chumvi inageuka kijivu na uso unazama. Tasnia hii ilianza vibaya pia: kwa miongo mingi kadi za Kodak zilizotumiwa na maabara kusawazisha rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, na ngozi zetu hazikuwa kwenye hesabu.

Kwa hiyo pima mwanga wa shavu lenyewe, si wa mandhari. Kama kamera yako hupima eneo zima, ongeza stopu moja (yaani mwanga mara mbili), au moja na nusu, ukiwa kwenye chumvi. Kama unapima nukta ndogo shavuni, fanya kinyume: punguza kidogo, la sivyo ngozi nyeusi itapaushwa iwe ya mtu mwingine. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao, pale mwanga unapoteleza kwenye paji la uso na mfupa wa shavu. Linda mng'ao huo usiungue ukawa weupe mtupu. Vivuli vikizidi utavifungua baadaye, ilimradi umepiga faili ghafi (RAW) na si JPEG peke yake.

Lakini tiba kubwa ni mahali na saa. Huku karibu na Ikweta jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja, na kufika saa tatu mwanga umeshakuwa mkali, unachimba mashimo machoni. Tunapiga alfajiri na tunapiga magharibi. Katikati tunatafuta kivuli chenye uwazi mbele yake, na jangwani kivuli bora ni mlango wa nyumba. Nyumba ya Kigabbra ni kuba la vijiti lililofunikwa mikeka ya nyuzi, ngozi na magunia, linalovunjwa na kupakiwa juu ya ngamia jamii inapohama. Mwombe mtu akae ndani hatua moja kutoka mlangoni, uso ukitazama nje. Mchanga wa nje unarudisha mwanga laini kutoka chini, unaingia hadi kwenye mboni, na giza la nyuma linakuwa pazia. Huhitaji fleshi. Ila nyumba hiyo hujengwa na mwanamke na ni mali yake. Ruhusa ya kuingia inaombwa kwake hata kama mumewe ndiye aliyekupokea.

Nibebe lenzi zipi, na vumbi nitalizuiaje? — Msomaji, Dodoma

Lenzi ya milimita 35 na ya 85 zinatosha. Ile ya 35 inakulazimisha umkaribie mtu na kuzungumza naye, na inaonyesha anakoishi. Ya 85 ni ya uso. Lenzi ndefu ya kuwindia simba iache nyumbani: kumpiga mtu picha toka mbali asijue ni kumwibia.

Kuhusu vumbi, usibadilishe lenzi nje. Mwenye kamera mbili afunge lenzi moja kwenye kila kamera. Mwenye moja abadilishe ndani ya gari, madirisha yamefungwa, mdomo wa kamera ukitazama chini. Puliza kwa pampu ya mpira kabla ya kufuta, maana chembe za chumvi chini ya kitambaa zinakwaruza kioo. Loiyangalani upepo ni habari nyingine kabisa. Si bure mitambo 365 ya umeme wa upepo imesimikwa jirani yake, yenye uwezo wa megawati 310. Upepo huo huvuma kwa nguvu usiku hadi asubuhi, kwa hiyo huko tegemea zaidi jioni. Betri chaji kwenye gari au sola, na maji ya kunywa yasipungue lita nne kwa siku kwa mtu mmoja.

Ni afadhali nije wakati wa tamasha? — Mama Wawili, Thika

Tamasha la Utamaduni la Marsabit na Ziwa Turkana lilianza Loiyangalani mwaka 2008, na hukusanya jamii zaidi ya kumi za kaunti hiyo. Tarehe zake zimekuwa zikihama, hivyo uliza serikali ya kaunti kabla ya kukata tiketi. Kwa ngoma, mavazi na furaha, njoo. Watu wamevaa vizuri na wamekuja waonekane. Kwa picha ya uso ya mtu mmoja, kuna viwiko vingi mno vya wapiga picha. Ushauri wangu ni uje siku mbili mapema, au ubaki wenzako wakiondoka. Na upite Makumbusho ya Jangwa pale Loiyangalani kabla ya kutoa kamera, upate kujua unamtazama nani.

Watoto wakikimbilia gari wakitaka picha, kuna ubaya gani kuwapiga? Wanafurahi wenyewe. — Mwalimu, Eldoret

Mwalimu, furaha ya mtoto si idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Wala si maandishi matupu: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Mtoto wa Kargi au Korr, makazi ya Warendille, ana haki ileile ya mtoto wa mjini. Tunamtafuta mama kwanza. Mtoto asiye na nguo hatumpigi, mama akubali asikubali. Peremende msigawe. Mkitaka kutoa, toeni vitabu kwa mwalimu mkuu wa shule.

Naweza kuja na droni? — Msomaji, Kampala

Si kwenye safari yangu. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya ni lazima, na zaidi ya hilo, mlio wake unatimua ngamia waliotembea siku nzima kufuata maji.

Naishi Minnesota na natarajia kuonyesha picha zangu za Turkana katika maktaba ya mtaa. Niandike nini chini ya kila picha? — Msomaji wa ughaibuni

Nakushukuru kwa kuuliza, maana wengi hawaulizi. Andika jina la mtu kama alilitaka liandikwe, mahali, mwaka, na alichokuwa akifanya. Kisha andika kile picha inachokionyesha kwa wenyewe. Mwanamke wa Kirendille mwenye kishungi kirefu kichwani, kilichofinyangwa kwa udongo, mafuta na rangi nyekundu, amevaa doko: ni mama aliyejaaliwa mwana wa kiume wa kwanza. Ukiandika "mrembo wa jangwani" umemfuta mama na mwanawe kwa pamoja.

Epuka "kabila linalotoweka". Waelmolo wameandikwa hivyo tangu enzi za ukoloni. Ni kweli ni wachache, na kwamba leo wanazungumza Kisamburu badala ya lugha yao ya kale. Ni kweli pia kwamba ziwa limepanda miaka ya karibuni na kumeza sehemu ya ardhi yao, pamoja na makaburi ya wazee wao. Hayo yaandike, yana uzito. Lakini wapo, wanavua, wanasomesha watoto, na baadhi wana simu na wataona maonyesho yako.

Ukipata nafasi ukiwa Nairobi, katazame picha za rangi za watu wa Kenya zilizochorwa na Joy Adamson baada ya vita vya pili vya dunia kwa agizo la serikali ya kikoloni. Zipo kwenye Makumbusho ya Taifa. Ni kazi ya mkono hodari, na mavazi yamechorwa kwa uangalifu. Tazama jinsi ilivyokusudiwa kuweka kumbukumbu ya kila kabila, halafu uamue zako zitamtaja nani.

Sina kamera, nina simu tu. Nitakubalika? — Binti, Kisumu

Njoo nayo. Gusa uso kwenye kioo, telezesha alama ya jua hadi ngozi ikae sawa, na usivute kwa vidole: sogea mwenyewe. Simu ina faida moja kuu, mtu anajiona papo hapo na anasema kama amependa. Tunabeba printa ndogo ya betri kwenye gari, na kila aliyepigwa anapewa picha yake ya karatasi kabla hatujaondoka bomani. Wengine huomba ya pili kwa ajili ya mtoto aliye shule ya bweni, kwa hiyo beba karatasi zako mwenyewe. Za kwenye gari huisha mapema.